Brashi ya Jumamosi: ninavyomsaka mbu wa dengue nyumbani

Mimi ni fundi friji hapa Dar es Salaam. Kazi yangu ni kuvuta friji na kuchungulia nyuma, mahali ambapo mwenyewe hajapaangalia tangu ainunue. Friji nyingi zina kisahani cha plastiki juu ya kompresa, kinapokea maji ya barafu inayoyeyuka. Maji safi, yametulia, yana kajoto. Mwaka 2019, dengue ilipotutandika mjini wakati wa masika, nilivuta friji moja Sinza, nikamulika tochi: viluwiluwi kibao, wanajinyonganyonga. Mama mwenye nyumba akashangaa. "Fundi, mbona tunapuliza dawa kila usiku?"

Usiku huyo mbu kapumzika. Anauma mchana, hasa asubuhi jua likishachomoza na alasiri kuelekea magharibi. Ni mweusi mwenye madoa meupe miguuni, kama kavaa soksi za mistari. Wa malaria hutafuta madimbwi huko nje. Huyu anataka maji yako ya kufulia.

Wiki mbili hazikuisha, nikalala mimi. Macho yanauma kwa ndani, viungo kama vimepigwa rungu. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Kama ni mbu wa Sinza au wangu mwenyewe, Mungu anajua, maana nilipopata nguvu ya kusimama nikafunua pipa langu la bluu uani. Fundi mzima! Nilikuwa nafuga.

Tangu hapo kila Jumamosi asubuhi nazunguka nyumba. Nimechagua mara moja kwa wiki kwa sababu kwa joto letu yai huchukua siku 7 hadi 10 kuwa mbu anayeruka. Ukipitisha wiki mbili, umechelewa.

Naanza na pipa, na hapa ndipo wengi wanapokosea: wanamwaga maji, wanajaza mengine, wanaona wamemaliza. Jike hatagi katikati ya maji. Anabandika mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, meusi, madogo kama unga wa baruti. Yakikauka hayafi, yanaweza kukaa miezi, ukijaza maji yakazamishwa, yanaanguliwa. Kwa hiyo mwaga, kisha sugua ukuta wa ndani kwa brashi ngumu na sabuni, kuanzia mdomoni kushuka chini. Ukipitisha kidole usikie ule utelezi, bado. Suuza, na maji ya suuza yamwage kwenye udongo mkavu, si kwenye ndoo nyingine.

Pipa lisilo na kifuniko mimi nafunika kanga kuukuu, nakaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Iwe imetanuka kama ngoma. Ikilegea ikagusa maji, umemtandikia mbu mkeka.

Kisha kisahani cha friji. Chomoa umeme kwanza, tafadhali. Baadhi vinatoka kwa kuvutwa, vingine vimefungwa kwa skrubu. Kisichotoka, nyonya maji kwa kitambaa na usugue hapo hapo. Baada ya hapo ni mambo ya dakika chache: visahani vya maua, bakuli la kuku, vifuu, ndoo mbovu, mfereji wa bati ulioziba majani, choo cha wageni ambacho hakijavutwa maji mwezi mzima.

Usisahau juu ya ukuta. Zile chupa tulizopachika kuzuia wezi, vitako vyake vinashika maji ya mvua. Nilijaza mchanga na saruji kidogo. Mwizi bado anachomwa, mbu kakosa makazi.

Kama nyumbani kuna mgonjwa, mlaze ndani ya chandarua hata saa sita mchana. Siku za mwanzo za homa damu yake ina virusi tele. Jike akimuuma (dume hanywi damu), virusi vinakaa ndani yake siku 8 hadi 12 hivi mpaka vifike kwenye tezi za mate, na kuanzia hapo anaambukiza maisha yake yote. Tena ana wasiwasi: ukimfukuza mguuni kwako, anaenda kumalizia kwa mwanao.

Homa ishushwe kwa parasetamo. Mimi muuza dawa wa mtaani alinipa diklofenaki, nikanywa nikamshukuru, kumbe hiyo, aspirini na ibuprofeni zinaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu. Mgonjwa anywe maji, juisi, uji mwepesi. Na homa ikishuka msishangilie mapema, kwani mara nyingi hatari huanza siku hizo. Tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, fizi kutoa damu, kulegea: hospitali, saa hiyo hiyo.

Kinachonishinda sasa ni tairi la jirani. Huyu mbu haendi mbali, mara nyingi anaishi na kufia karibu na alipozaliwa, kwa hiyo akizaliwa pale ni wetu sote. Mwezi uliopita nilimwomba alitoboe, akasema ni bembea ya watoto. Jumamosi nitaenda na drili yangu. Tundu mbili chini, maji yashuke, watoto waendelee kubembea.