Rilei ya feni: pima kabla hujalipa

Ukienda Kariakoo kununua rilei ya feni ya rejeta (swichi inayowashwa kwa umeme), usiridhike na "40A", yaani ampea 40, iliyoandikwa juu. Kuandika ni rahisi. Beba sumaku ndogo, iguse kwenye miguu. Ikinasa, miguu ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Chuma hupitisha umeme vibaya, mguu unapata moto, soketi inayeyuka.

Kisha weka mita ya kupima omu kwenye miguu yenye namba 85 na 86, ndiyo ncha za koili, waya uliozungushwa unaovuta swichi. Koili ya volti 12 kwa kawaida husoma omu 70 hadi 100. Ikisoma karibu 300, hiyo ni ya lori, volti 24, kwenye gari dogo haitavuta sawasawa.

Feni ikianza kuzunguka hula umeme mara kadhaa kuliko ikishakolea, na hapo ndipo pointi za ndani ya rilei, zinazogusana kupitisha umeme, huungua au kugandana. Kwa hiyo feni ya ampea 20 ipe rilei ya 40. Yenye miguu mitano iliyoandikwa 40/30A: mguu wa 87, unaopata umeme rilei ikivuta, hubeba 40; wa 87a, unaopata rilei ikiwa imelala, hubeba 30 tu.

Ifunge miguu ikitazama chini, maji yasituame. Hewa ya chumvi ya pwani haina huruma. Soketi ikishakuwa ya kahawia au imelegea, badilisha soketi na rilei pamoja.