Studio kwanza, duka baadaye: jinsi ya kuzunguka kwa wafinyanzi, maduka ya vifaa na masoko ya kazi za mikono

Watu wengi wakishikwa na hamu ya ufinyanzi wanakimbilia dukani, wananunua udongo, seti kubwa ya vifaa, rangi za kila aina, alafu vinakaa kwenye kona mpaka udongo unakuwa jiwe. Mi nashauri upange hivi: studio kwanza, duka la vifaa pili, soko mwisho. Ukishaona kwa macho yako chombo kinavyotengenezwa, dukani unajua cha kuuliza na sokoni unajua ulichoshika mkononi kina ubora gani. Ukianza na duka au soko unanunua kwa macho tu, na kwenye vyombo vya udongo macho yanadanganywa kirahisi sana.

Kwenye studio

Piga simu au tuma meseji kabla hujaenda, usitokee tu mlangoni. Studio nyingi ni sehemu ya kazi, fundi akiwa kwenye gurudumu mikono imejaa udongo na hawezi kuacha katikati aje kukusalimia. Kwenye hiyo meseji uliza kitu kimoja ambacho wageni wengi hawaulizi: siku gani mnafungua tanuri? Hiyo ndio siku ya kwenda, kama watakuruhusu. Unaona vyombo vinatoka vikiwa vimekamilika, unaona na vilivyopasuka, vilivyopinda, ambavyo glezi (ile rangi inayopakwa juu ya chombo ikageuka kama kioo kwenye moto) imechuruzika ikagandia chini, na fundi mwenyewe siku hiyo anakuwa na maneno mengi kwa sababu na yeye anaangalia matokeo kwa mara ya kwanza. Kwenye vile vilivyoharibika utajifunza mengi kuliko kwenye vizuri, muulize kila kimoja kimefanywa nini.

Ukifika usishike kitu kabla hujaambiwa. Hili nalisisitiza kwa sababu chombo kilichokauka kabisa lakini hakijachomwa kinaonekana kigumu kumbe ndio hatua dhaifu kuliko zote, ukikiinua kwa mdomo au kwa mkono wake kinabaki mkononi kipande. Ukiruhusiwa kushika, shika kwa mikono miwili kutokea chini.

Muombe akuonyeshe hatua kwa mpangilio wake: udongo laini, udongo uliokauka nusu (hapo ndio wanachonga kitako na kubandika mikono ya vikombe), uliokauka kabisa, uliochomwa mara ya kwanza, alafu uliopakwa glezi na kuchomwa tena. Moto wa kwanza mara nyingi ni karibu nyuzi 1000 za Selsiasi. Wa pili unategemea udongo, ule wa joto la chini unaishia 1000 mpaka 1150 hivi, ule wa joto la juu unaenda 1200 mpaka 1300. Ukijua tu kwamba kila udongo una joto lake umeshaelewa nusu ya mambo utakayokutana nayo dukani. Na usishangae wakikuambia kuchoma ni kazi ya masaa mengi na kupoa siku nzima au zaidi. Kwenye nyuzi 573 hivi madini ya kwatsi yaliyomo ndani ya udongo yanabadilika na kutanuka ghafla, na wakati wa kupoa yanasinyaa tena hapo hapo, kwa hiyo fundi akiharakisha moto au akifungua tanuri mapema vyombo vinapasuka. Kwa hiyo ukifinyanga chombo chako usitegemee kuondoka nacho siku hiyo hiyo, kitakaa wiki kadhaa mpaka kikauke na kipate nafasi kwenye tanuri. Alafu kitapungua, udongo unasinyaa kama asilimia 10 hivi mpaka 15 kutoka ukiwa laini mpaka uchomwe. Kikombe kinachoonekana saizi nzuri kwenye gurudumu kitatoka kidogo kuliko ulivyotaka.

Ukitaka kujaribu darasa la siku moja, uliza haya kabla hujalipa: bei inajumlisha udongo, glezi na kuchoma moto, au kuchoma ni hela nyingine? Watu wangapi kwa gurudumu moja? Chombo kikipasuka kwenye tanuri inakuwaje? Kuna studio bei yao inaonekana ndogo, kumbe kila kitu kinalipiwa pembeni. Na kama ni mara yako ya kwanza kabisa mi naona anza na kufinyanga kwa mkono, kuminya bonge kwa vidole, kuzungusha kamba za udongo, au kukandika bapa, gurudumu lije baadaye. Gurudumu linavutia lakini masaa yako ya kwanza yote yanaishia kwenye kuweka udongo katikati. Kwa mkono unaondoka na kitu. Vyungu vya zamani kuliko vyote vinavyojulikana, vilivyokutwa kwenye pango la Xianrendong kule China, vina miaka kama 20,000 na vilifinyangwa maelfu ya miaka kabla gurudumu halijakuwepo, kwa hiyo usidhani njia ya mkono ni ya watoto.

Kata kucha, vua pete, funga nywele, vaa nguo ya kuchafuka na kiatu kilichofunika vidole, beba taulo. Basi.

Kitu kimoja cha kukagua kimya kimya: angalia wanavyosafisha. Studio nzuri inafuta meza na sakafu kwa maji na sponji, haifagii vumbi likiwa kavu, kwa sababu vumbi la udongo lina silika na ukilivuta miaka na miaka linaharibu mapafu. Angalia pia maji machafu yanaenda wapi. Wanaojali wana ndoo za kutuamisha udongo kwanza, hawaumwagi kwenye sinki mpaka bomba linaziba. Ukikuta vumbi limetanda kila sehemu na mtu anafagia huku wanafunzi wamekaa, mi singelipa darasa la miezi mitatu hapo hata kama vyombo vyao ni vizuri.

Duka la vifaa

Sasa unaingia dukani ukiwa na swali la maana: tanuri nitakalotumia linachoma joto gani? Hilo unalijua kutoka studio. Udongo, glezi na joto la tanuri lazima vikubaliane. Udongo wa joto la chini ukiuweka kwenye moto wa 1250 unaweza kuyeyuka na kuharibu rafu za mwenye tanuri, na glezi ya joto la juu kwenye moto mdogo inabaki kavu kama chaki. Makopo mengi yameandikwa namba za koni, yaani kipimo cha joto la tanuri, na hapa watu wanachanganyikiwa sana: 06 na 6 ni vitu viwili tofauti. Koni 06 ni karibu nyuzi 1000, koni 6 ni karibu 1220 na zaidi kidogo. Ile sifuri mbele inamaanisha joto la chini, soma mara mbili kabla hujalipia.

Kwenye udongo muulize muuzaji kama una chenga (zile punje za udongo uliokwisha kuchomwa zikasagwa) au ni laini. Wenye chenga unasimama vizuri ukifinyanga vitu vikubwa kwa mkono na haupasuki haraka, ila kwenye gurudumu unakukwaruza viganja. Bonyeza mfuko kwa kidole, kidole kikizama kirahisi udongo uko sawa, ukiwa mgumu umeshaanza kukauka, angalia kama mfuko una tundu. Harufu kidogo au ukungu visikutishe, udongo uliokaa mara nyingi unafinyangika vizuri zaidi.

Glezi usichague kwa rangi ya kwenye kopo! Ikiwa mbichi inaweza kuwa ya waridi alafu ikatoka buluu. Omba kuona kipande cha sampuli kilichochomwa, na uliza kilichomwa juu ya udongo upi, maana glezi ile ile juu ya udongo mweupe na juu ya udongo mwekundu ni kama vitu viwili. Ya unga inakuwa nafuu ila lazima uwe na barakoa ya vumbi wakati wa kuchanganya. Kwa anayeanza ya maji ya kupaka kwa brashi inatosha kabisa. Na ule udongo unaokauka wenyewe bila moto ni mzuri kwa mapambo ila haushiki maji wala haufai kuwekea chakula, hata ukipakwa vanishi, usikubali kuambiwa vingine.

Vifaa vya kuanzia ni vichache sana: waya wa kukatia, sponji, sindano ndefu, kipande cha mbao au raba cha kulainishia, kisu kidogo na ndoo. Seti ya vipande thelathini achana nayo, vingi hutavigusa. Gurudumu la kwako lisubiri mpaka ujue unalipenda kweli, kodisha masaa studio.

Sokoni

Ukitaka uchaguzi mpana nenda mapema, ukitaka maongezi nenda saa ambazo wateja wamepungua. Mi napenda ya pili. Zunguka meza zote mara moja bila kununua, alafu rudi.

Sasa shika chombo. Kigeuze kwanza, kitako kinasema ukweli kuliko juu: je kina alama ya fundi, kimelainishwa au kinakwaruza kitachubua meza yako? Kiweke bapa uone kinayumba au la. Pitisha kidole kwenye mdomo wote. Kigonge taratibu kwa kucha, mlio mkavu kama wa kitu kilichochoka mara nyingi ni ufa usioonekana, ila linganisha na kingine cha aina hiyo hiyo kwa sababu udongo wa joto la chini kwa asili haulii sana. Kikombe kishike kama unakunywa, vidole vinaingia? Birika jaribu mfuniko wake. Ukiona mshono mwembamba uliopanda pande mbili na vyombo kumi vinafanana kabisa, hiyo imetoka kwenye kalibu. Siyo dhambi, ila usilipe bei ya kilichofinyangwa kimoja kimoja.

Maswali ya kumuuliza fundi: Fundi, hiki kinafaa kwa chakula? Glezi ina risasi (yale madini yenye sumu)? Naweza kukiweka kwenye moto, au ni cha mezani tu? Chombo kilichochomwa joto la juu kikapendeza kinaweza kupasuka kikikutana na moto wa jiko, wakati chungu cha kupikia cha udongo wenye chenga kinavumilia. Mtungi usio na glezi kutoa jasho siyo kasoro, maji yanayotoka na kukauka nje ndio yanapoza yaliyo ndani. Vile vinyufa vidogo kama nywele kwenye glezi ni sawa kwenye pambo, kwenye bakuli la mchuzi mi naacha. Vyombo vya zamani vya rangi kali ambavyo hakuna anayejua asili yake, weka ukutani. Nyumbani unaweza kuacha kipande cha limau kwenye chombo usiku mzima, rangi ikibadilika glezi hiyo haijatulia, usile humo. Isipobadilika bado siyo uthibitisho kwamba hakuna risasi, hiyo inajulikana kwa kipimo cha maabara.

Kwenye bei, kumbuka ulichoona studio: mioto miwili, wiki za kusubiri, na vile vilivyopasuka ambavyo hakuna anayevilipia. Ukitaka punguzo nunua viwili vitatu, usimwambie fundi mbona plastiki ni rahisi. Picha omba ruhusa, na tafadhali usipige picha kazi ya mtu ukampelekea fundi mwingine akuigie. Kama unaagiza seti, kubalianeni kwa maandishi idadi, saizi, malipo ya awali na tarehe, na ukubali tofauti ndogo kati ya kimoja na kingine.

Nenda na hela ndogo ndogo, mfuko mgumu na magazeti au khanga ya zamani. Funga kila kimoja peke yake, mfuniko utenganishe na birika, sahani zisimamishe kwa ubavu badala ya kuzilaza moja juu ya nyingine, na kizito kikae chini. Kabla hujaondoka mezani chukua namba ya fundi na muulize studio yake iko wapi.