Ukienda porini, anza na maji sio kisu
Jamani kabla hujakimbilia kununua lile kisu kubwa la kutisha, fikiria maji na baridi kwanza, maana bila maji siku kama 3 tu mwili unagoma, na ukilowa kwenye upepo baridi inaweza kukumaliza ndani ya masaa. Mi nasema chukua chupa ya chuma, ila isiwe ya kuta mbili ile ya kutunza joto, ya kawaida unatoa kifuniko unaiweka motoni kabisa, maji yakitokota dakika 1 yako salama dhidi ya vijidudu (milimani juu ya mita 2,000 ngoja dakika 3). Viberiti vya gesi 2, funga kwenye nailoni. Turubai jepesi, kamba, tochi ya kichwani, filimbi. Kisu kidogo kisichokunjwa kinatosha. Alafu vyote vijaribu nyumbani usiku, tafadhali sana.