Funika jicho moja kwanza

Mimi ni muuguzi wa macho, na kipimo ninachompa kila mtu hakigharimu kitu: funika jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, soma maandishi ya mbali, kisha badilisha. Wengi hushtuka. Jicho zima huweza kuficha udhaifu wa mwenzake hata kwa miaka.

Ukungu unaoongezeka polepole, na taa za usiku kutawanya miale, huenda ni mtoto wa jicho. Huondolewa kwa upasuaji; hakuna matone yanayoumaliza, hata muuzaji aape vipi. Presha ya macho ina hila zaidi. Aina yake ya kawaida haiumi, huanza kula uwezo wa kuona pembeni, na kilichopotea hakirudi. Ukifika miaka 40, au kama mzazi au ndugu yako anayo, kapimwe hata kama unaona vizuri. Mwenye kisukari akapimwe macho kila mwaka.

Kijipu cha ukope? Kikande kwa kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu, dakika 10, mara kadhaa kwa siku. Usikikamue.

Usingoje kesho ikiwa uoni umepotea ghafla, umeona kama pazia jeusi au vimulimuli vipya, jicho ni jekundu na linauma sana, au limeingiwa na kemikali. Kwa kemikali, osha kwanza kwa maji mengi, dakika 20 hivi, ndipo uende. Na mtoto ambaye mboni yake hutoka nyeupe pichani apelekwe upesi. Wazazi wengi hulaumu kamera.