Sera ya Nywila ya Chuo Kikuu: Namna ya Kuiandika Ili Ifuatwe

Anayepewa kazi ya kuandika sera ya nywila ya chuo kikuu na aanze kwa kuwatazama watu watakaoifuata. Wanafunzi wapya huingia kila mwaka na wengine huhitimu. Mhadhiri hufundisha mchana na kuingiza alama za mitihani usiku akiwa nyumbani. Mtafiti mgeni huhitaji akaunti kwa miezi mitatu tu. Mara nyingi nywila moja ndiyo inayofungua barua pepe, maktaba, matokeo na taarifa za ada. Sera inayowachosha watu hawa itakwepwa, na chuo kitabaki na waraka mzuri na akaunti zilizo wazi.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza kufutwa iwe ile ya kubadili nywila kila baada ya siku 90. Najua imezoeleka, na wapo wakaguzi wanaoiulizia bado, lakini madhara yake yamepimwa chuoni kwenyewe. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, walichapisha uchunguzi wa nywila za zamani za akaunti zaidi ya 7,700, wakaonyesha kwamba kwa takribani asilimia 17 ya akaunti hizo, anayeijua nywila iliyotangulia aliweza kuipata iliyofuata kwa kukisia chini ya mara 5. Mtu akilazimishwa kubadili, huigeuza 1 ya mwisho ikawa 2. Tangu mwaka 2017 NIST, taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani, inashauri kwamba mtumiaji alazimishwe kubadili nywila pale tu panapokuwa na ushahidi kwamba imevuja. Sera iseme hivyo hivyo.

Badala ya ratiba hiyo, chuo kidai urefu. Mwongozo wa NIST wa mwaka 2025 unataka nywila inayotumika peke yake, bila uthibitisho wa pili, iwe na herufi zisizopungua 15, na hautaki tena watu washurutishwe kuchanganya herufi kubwa, tarakimu na alama. Mfumo uruhusu hadi herufi 64 au zaidi, ukubali nafasi kati ya maneno, wala usizuie kubandika, kwa kuwa anayetumia programu ya kutunza nywila hubandika. Mtumiaji afundishwe kuunganisha maneno manne au matano yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, kwa mfano kwa kurusha dadu mara 5 ili kupata namba ya kila neno katika orodha ya maneno 7,776. Neno la msingi hapo ni bahati nasibu: «haraka haraka haina baraka» ni ndefu, lakini methali ambayo kila mtu anaijua hukisiwa mapema.

Nywila mpya ilinganishwe na orodha za nywila zilizokwisha kuvuja, na mfumo ukatae jina la chuo, namba ya usajili na jina la mtumiaji. Hapa pana kosa ambalo chuo chenyewe hulifanya, yaani kumpa kila mwanafunzi mpya nywila ya kuanzia ambayo ni namba yake ya usajili au tarehe yake ya kuzaliwa. Wenzake darasani wanazijua zote mbili. Atumiwe kiungo cha kutumika mara moja, kinachokwisha muda baada ya saa chache.

Hata nywila ndefu haimsaidii aliyeiandika kwenye ukurasa wa kitapeli unaofanana na wa chuo, na ndiyo maana uthibitisho wa hatua mbili, yaani kudai kitu cha pili zaidi ya nywila, haukwepeki. Uanzie kwa wahasibu, ofisi ya msajili na wasimamizi wa mifumo, kisha uwafikie wote. Namba zinazozalishwa na programu ya simu kila sekunde 30 ni salama kuliko ujumbe mfupi, maana laini ya simu inaweza kuhamishiwa kwa mwizi. Lakini hata namba hizo mtu anaweza kuhadaiwa azitoe. Kilicho imara zaidi ni ufunguo wa usalama, kifaa kidogo kinachounganishwa na kompyuta au simu, ambao hufanya kazi kwenye anwani halisi ya chuo peke yake. Kila mtu apewe pia namba za akiba azihifadhi kwenye karatasi, kwani mwanafunzi aliyepoteza simu wiki ya mitihani hana muda wa kusubiri.

Mlango unaosahaulika ni dawati la msaada. Mdukuzi aliyeshindwa kukisia nywila hupiga simu, akajifanya profesa mwenye haraka. Utambulisho uthibitishwe kwa kitambulisho chenye picha, ana kwa ana au kwa video, na si kwa maswali ambayo majibu yake yamo mtandaoni. Ningependa sera itamke waziwazi kwamba mtumishi wa dawati hilo anayekataa kumbadilishia mtu nywila bila uthibitisho hataadhibiwa, hata kama aliyekataliwa ni mkuu wa kitivo.

Kwenye seva, nywila zisihifadhiwe kamwe kama zilivyoandikwa, bali zipitishwe katika Argon2id au bcrypt, kanuni za kihesabu zinazoigeuza nywila kuwa msimbo usiorudishwa nyuma.

Mwisho, sera itaje siku ambayo akaunti ya aliyehitimu, aliyeacha kazi au mgeni aliyemaliza muda wake itafungwa, na nani ataifunga. Akaunti zinazotumiwa na ofisi nzima zigawanywe, kila mtu aingie kwa jina lake. Zile zisizogawanyika ziwe na mwenye dhamana, na nywila zake zibadilishwe siku ile ile mmoja wa waliozijua anapoondoka.