Pima umeme wa nozeli kabla hujaagiza nyingine

Gari inamisi (silinda moja haichomi vizuri), plagi ni mpya, koili za plagi umezihamisha kutoka silinda moja hadi nyingine na misi imebaki silinda ile ile. Hapo wengi huagiza nozeli, kile kifaa kinachopuliza petroli kwenye injini, kutoka Dar es Salaam. Mzigo hadi Kigoma unakula siku, na ukifika ukakuta kumbe ulikuwa waya, hela imekwenda. Mita ya kawaida, balbu ya wati 5 na taa ndogo ya LED vinatosha kukupa jibu. Somo hili ni la petroli yenye nozeli kwenye manifodi (bomba la kuingizia hewa kwenye injini), kama IST na Probox.

1. Injini ikiwa inanguruma, gusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye nozeli, mpini uweke sikioni. Nzima inagonga haraka haraka. Iliyo kimya ndiyo ya kufuatilia.

2. Zima, chomoa soketi, pima ohm kwenye pini mbili za nozeli. Nyingi husoma 12 hadi 16 injini ikiwa baridi. Cha kuangalia zaidi ni zifanane: tatu zikisoma 14 na moja 9, hiyo moja ni mbovu. Mita isiposoma kitu, koili ya ndani imekatika. Ikikaribia 0 ni shoti. Usiirudishie soketi, itaunguza kontroli boksi (kompyuta ya injini).

3. Swichi iwe ON bila kuwasha injini. Pini moja ya soketi lazima itoe volti za betri, takriban 12. Soketi zote zikikosa, nenda kwenye fyuzi na rilei. Ikikosa moja tu, waya wake umekatika.

Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Waya uliobaki uzi mmoja bado utaonyesha volti 12 kwenye mita, kwa sababu mita haivuti umeme wowote wa maana. Chukua balbu ya wati 5, iunge kati ya pini hiyo na hasi ya betri. Ikiwaka kwa kufifia, waya au ungio limeoza, hata kama mita inasema pazuri.

4. Chukua LED yenye rezista ya ohm 1,000, iunge kwenye pini mbili za soketi, upande chanya kwenye pini yenye moto (ile ya volti 12), kisha piga selfu (stata). Ikipepesa, kontroli boksi inafanya kazi. Isipowaka na moto upo, waya wa kurudi kontroli boksi umekatika, au kontroli boksi yenyewe ina tatizo. Ikibaki imewaka tu, waya huo umegusa bodi ya gari au kontroli boksi ina shoti: nozeli itamwaga mafuta bila kukoma na yataingia kwenye oili. Acha kupiga selfu. Usitumie balbu ya indiketa ya wati 21; inavuta karibu mara mbili ya nozeli.

5. Toa hasi ya betri, chomoa soketi ya kontroli boksi, pima waya mwanzo hadi mwisho huku unautikisa. Usizidi ohm 1. Anza karibu na soketi ya nozeli, ndipo hukatika zaidi, na pale panya walipotafuna. Unga kwa risasi na mpira wa kunywea (ule unaosinyaa na kubana waya ukipashwa joto). Waya wa kusokota na selotepu utaota kutu ya kijani masika yakifika.

Maswali ya wanachama

*Ujiji: Mashine ya kusoma kodi (namba za hitilafu) inaleta P0203. Nimeweka nozeli mpya silinda ya tatu, kodi imerudi.*
Kodi hiyo inataja saketi nzima ya silinda ya 3, siyo nozeli peke yake. Rudi hatua ya 3 na ya 4 kwenye soketi hiyo.

*Tabora: LED haipepesi kwenye soketi zote nne, moto upo. Kontroli boksi imekufa?*
Usiihukumu bado. Angalia kama cheche nazo hakuna. Vikikosekana vyote viwili, anza na sensa ya kranki (inayoiambia kontroli boksi kuwa injini inazunguka) na waya zake.

*Kigoma: Noah yangu imeandikwa D-4, nifuate hatua hizi?*
Hapana, kaka. Nozeli zake zinapiga ndani ya silinda na huendeshwa kwa volti za juu kuliko betri. LED na balbu weka pembeni, usishike waya zake injini ikiwa inawaka. Pima ohm tu, gari limezimwa, ulinganishe nozeli kwa nozeli.