Somo: Namna ya kumpita farasi ukiwa kwenye baiskeli

Farasi anaweza kuzoea matrekta na malori yenye honi kali, halafu baiskeli moja tu ikamtia kiwewe. Lori humpa taarifa tangu mbali. Wewe unamjia kimyakimya kutoka nyuma, umeinama, tena kasi, na mnyama aliyeumbwa awindwe anaijua vizuri hiyo namna ya kujiwa. Kwa hiyo kazi yako ni kumjulisha mapema kwamba anayekuja ni mtu.

1. Punguza mwendo ungali mbali, usije ukabana breki karibu naye zikapiga kelele. Kuna baiskeli ambazo gurudumu la nyuma hulia tiki-tiki-tiki ukiacha kukanyaga. Kama yako ni hiyo, zungusha pedali taratibu unapokaribia, inyamaze.

2. Sema. "Habari! Baiskeli nyuma yako, naomba kupita." Sema kwa sauti ya kawaida inayofika, bila ukali. Kengele si kosa, ila mimi nautegemea mdomo kwanza: farasi hushinda na watu na sauti zao anazijua, wakati mlio wa kengele kwa wengine ni kitu kigeni. Usimfuate mkiani kabisa. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma ya mkia na mbele ya paji la uso. Sogea kidogo kuelekea katikati ya barabara akuone, kisha tazama masikio. Sikio likigeukia kwako, amekusikia, hata kama mpandaji bado.

3. Ngoja mpandaji akuruhusu. Huenda anatafuta mahali papana pa kusogea.

4. Pita mbali naye. Mwongozo wa barabara wa Uingereza, uliorekebishwa mwaka 2022, unataka nafasi isiyopungua mita 2 na mwendo usiofika maili 10 kwa saa, yaani kama kilomita 16. Hizo mita 2 si za heshima tu: farasi akishtuka huruka pembeni, na teke lake linafika mbali. Usijipenyeze kati yake na ukingo wa barabara hata kama unaona panatosha. Endelea kuongea unapopita.

5. Ukishapita usichomoke. Wengi huharibu hapa, maana farasi akiona kitu kinakimbia naye hutaka kukimbia.

Mkikutana uso kwa uso ni rahisi zaidi: punguza mwendo, mpe nafasi, salimia.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Tukiwa kundi kubwa, tupite vipi?
Jibu: Wa mbele aseme mko wangapi. Piteni mfululizo, mstari mmoja, au msubiri wote. Kibaya ni nusu kupita na nusu kubaki nyuma, farasi yuko katikati hajui atazame wapi.

Swali: Mbona wapanda farasi wengine huenda wawili sambamba na kuziba njia?
Jibu: Mara nyingi mmoja ni farasi mchanga au mwoga, na mzoefu anamkinga upande wa magari. Wavumilie, watajipanga pakiwa salama.

Swali: Nilipita kwa adabu zote, mpandaji hata mkono hakunipungia!
Jibu: Mikono yote ilikuwa kwenye hatamu, ndugu yangu. Tazama kichwa, pengine alikutikisia.

Swali: Na farasi akianza kucheza kabla sijampita?
Jibu: Kichwa juu, anaenda upande, kwato hazitulii? Simama, weka mguu chini, ongea polepole na mpandaji. Taa yako ya mbele kama inamwekamweka, izime au uielekeze chini. Kisha mwachie mpandaji aamue: atakuita upite, au atakuomba ukae hapo mpaka yeye atoke njiani.